Maelekezo yangu ya Excel hayaeleweki, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni karani wa chama cha wafuga nyuki huku Sikonge. Niliwatumia wenzangu wawili wa vijijini maelekezo haya: "Ingiza namba za simu za wanachama kwenye safu ya C kisha hifadhi, ila kabla ya hapo hakikisha umebadili fomati ili sifuri isipotee." Mpaka leo namba zinakuja bila sifuri, na simu hawaachi kunipigia. Nifanyeje?

JIBU: Salama dada. Wenzako hawana kosa, wamekufuata vilevile ulivyoandika. Mtu akiwa na kazi mkononi hasomi mpaka mwisho ndo aanze, anasoma kipande anafanya, anarudi tena kusoma, sasa ukimwambia ingiza namba yeye kashaingiza, anakuja kukutana na "kabla ya hapo" yako wakati Excel imeshaichukulia 0754 kama hesabu ikabakiza 754, na hata akibadili fomati saa hiyo sifuri hairudi yenyewe. Kila "kabla" uliyonayo ipandishe juu. Hatua moja, kitendo kimoja, na mwambie aangalie wapi kwanza ndo umwambie afanye nini. Mimi ningeandika hivi:

1. Juu ya karatasi ya Excel kuna herufi A, B, C. Bonyeza C. Mstari wote wa kushuka utabadilika rangi.
2. Palepale kwenye C bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Format Cells.
3. Chini ya Number chagua Text, halafu OK.
4. Kwenye C2, yaani kisanduku cha C kilicho mbele ya namba 2, andika namba moja ukianza na sifuri, bonyeza Enter. Sifuri ikibaki endelea na nyingine, ikipotea rudi hatua ya 1. Ukiona kipembetatu cha kijani kwenye kona, kiache, hujaharibu kitu.

Hicho cha kijani usikisahau kabisa, mtu asiyekizoea anaona kakosea anafuta kazi nzima. Na Format Cells usiitafsiri kama kompyuta zao ni za Kiingereza, atatafuta neno lako kwenye skrini mpaka jua lizame.

Neno "safu" nimelikimbia makusudi. Nilishawahi kumkalisha karani mmoja hapa Tabora mjini nikampa karatasi yangu nikanyamaza, akakwama hapohapo, yeye safu anajua ni mstari wa kulala. Fanya hivyo na wewe wakija kwenye kikao, kaa pembeni usiseme kitu hata ukiwashwa vipi, akisimama akakuangalia usoni weka alama kwenye hiyo hatua uiandike upya.

Zile zilizokuja bila sifuri wasizirudie. Kwenye D2 andika ="0"&C2 bonyeza Enter, halafu buruta kona ya chini kulia ya hicho kisanduku mpaka mwisho wa orodha.