Maswali yenu: hela ya chama kwenda mtaani, na wenzetu wenye ulemavu

Habari zenu wapendwa. Tangu tawi letu lipeleke magodoro kwenye shule moja ya msingi yenye bweni la watoto wenye ulemavu, maswali yamekuja mfululizo, mengine kwa upole na mengine kwa hasira, na yote nimeyasoma. Mi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi wa serikali hapa Dar, sio msemaji wa chama kizima, kwa hiyo haya ni ya kwangu. Tuanze na la hasira.

"Katibu, makato yangu ya kila mwezi ni kwa ajili ya kunitetea, sio kununulia watu magodoro. Mbona mnagawa sadaka kwa hela yangu wakati mshahara haupandi?" (Karani, Ilala)

Ndugu yangu una haki ya kuuliza na usikubali mtu akuambie una roho mbaya. Hela ya makato ni yako, na kazi ya kwanza ya chama ni mshahara, kupanda daraja, malimbikizo, uhamisho na nidhamu, hapo hakuna mjadala. Kama tawi lenu linajua kupiga picha na magodoro tu halafu mtu akisimamishwa kazi katibu hapokei simu, hilo tawi limekwama, simameni kwenye mkutano mseme.

Ila tuangalie hela yenyewe. Kuna ada ya mwanachama na kuna ada ya uwakala, ile anayokatwa asiye mwanachama pale chama chenye wengi kinapokuwa na makubaliano na mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeifunga ile ya uwakala: isizidi ada ya mwanachama, ikae kwenye akaunti yake peke yake, na itumike kutetea maslahi ya wafanyakazi wa sehemu ile ya kazi. Hiyo haiendi kununua magodoro, kabisa. Ya wanachama inaenda mnakokubaliana nyie kwenye kikao, na kwetu yale magodoro ulikuwa mchango wa hiari, bakuli lilipita na kila aliyetoa jina lake liliandikwa. We kwenu omba muhtasari wa kikao na risiti, huhitaji ruhusa ya mtu kuuliza.

Na kwanini twende mtaani kabisa? Mwaka 1947 mgomo wa wafanyakazi wa bandari hapa Dar haukuishia bandarini, uliingia mjini kisha ukafuata reli mpaka bara, maana kuli alikuwa anaishi na watu, anapanga chumba kwa watu, duka la mtaani linamkopesha. Mtumishi wa leo ni vilevile. Muuguzi anayedai posho ya zamu za usiku anamhudumia yule mama wa Mbagala, na mama huyo asipojua kwanini wodi nzima ina muuguzi mmoja usiku atamtukana muuguzi, hatamuuliza anayepanga bajeti. Sasa tusipofahamiana na watu wa mtaani wakati wa amani, siku tukiwa na shida tutamwambia nani?

"Nafundisha shule yenye kitengo maalum. Kila mwaka wanakuja wageni na vitimwendo na kamera, baada ya muda vile viti vimejaa stoo. Mnaweza mkatusaidia kuwaambia?" (Mwalimu wa kike, Mbagala)

Shikamoo Mwalimu, na pole. Hili niliwahi kuliona kwa macho yangu kwenye shule moja: viti vimepangwa ukutani vina plastiki bado kwenye mikono, vyote saizi ya mtu mzima, tairi za mbele ndogo kama za troli ya hospitali, na uwanja wa shule wote mchanga. Mtoto wa miaka 8 akikalishwa pale anazama, mgongo unapinda, miguu haifiki kwenye kibao, na akisukumwa hatua tatu tairi inazama. Kwa hiyo watoto walikuwa wanabebwa mgongoni na wenzao kama zamani na viti vinabaki stoo.

Kitimwendo mtu anapimwa, upana wa nyonga, urefu wa paja, uwezo wa kukaa wima, na kuna watu wamesomea, pale Moshi kipo chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na viti, na hapa Dar kuna hospitali ya CCBRT. Kwa hiyo tawi likitaka kutoa viti lianze kwa kuuliza mwalimu na mzazi, halafu mtaalamu wa viungo awapime watoto, ndo hela itafutwe. Vitakuwa vitatu badala ya ishirini, sawa, vitatu vinavyotembea. Na mara nyingi ukiuliza unaambiwa kitu kingine kabisa, wale wa magodoro sisi tulitaka kupeleka mchele, matroni akasema mchele upo, watoto wanalala wawili wawili. Kwa watoto wenye ualbino utaambiwa losheni ya jua na kofia pana, na losheni inatengenezwa hapahapa nchini, hospitali ya KCMC kule Moshi, basi nunueni na muulize ikiisha itanunuliwa na nani.

Kamera, Mwalimu, una haki ya kuikataa. Sema picha za watoto hapana, na anayeghairi kutoa kwa sababu hiyo aende salama.

"Mimi ni kiziwi, mtumishi wa umma. Natumiwa ujumbe wa mkutano wa tawi, naenda, nakaa, natoka sijaelewa kitu. Chama ni changu kweli?" (Temeke)

Ni chako, na tumekukosea, nasema tumekukosea maana sioni matawi mengi yanayoweza kujitoa hapo.

Kuna mkutano mmoja siusahau. Mwenzetu kiziwi alikaa safu ya nyuma, mwenyekiti anasoma taarifa kainamia karatasi, kipaza sauti kimemziba mdomo. Ikafika mahali watu wakacheka, yule mwenzetu akaangalia kushoto, akaangalia kulia, naye akacheka, amechelewa kidogo. Halafu zikapigwa kura za kunyoosha mikono kuhusu mchango wa msiba na yeye akanyoosha kwa kuwa jirani yake kanyoosha. Ile kura tuliihesabu! Yaani tumemkata hela kwa uamuzi ambao hakujua ni uamuzi wa nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika barua fupi kwa katibu wa tawi lako nakala kwa mkoa, omba mkalimani wa lugha ya alama kwenye kila mkutano, sio mkutano mkuu tu. Wakikuambia hela hakuna, waambie CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi, wanawajua wakalimani na bei zao, waingize kwenye bajeti ya mwaka kama wanavyoingiza chai na maji. Omba taarifa ije kwa maandishi kabla ya kikao, hilo halina gharama, grupu la WhatsApp lipo. Na "voice note" za katibu zikome kwenye matangazo ya kazi, mwambie aandike.

Wenyeviti mnaosoma hapa: msizungumze mkiwa mmegeuzia watu mgongo, mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja, na hoja ya kupigia kura iandikwe ubaoni. Na mahali pa kukutania, jamani, tuache kukodi kumbi za ghorofa ya tatu lifti mbovu halafu tunasema "fulani siku hizi haji vikaoni". Chagueni ukumbi wa chini, karibu na kituo cha mwendokasi kama mnaweza. Mtu anayebebwa na wanaume wawili kupanda ngazi mbele ya wafanyakazi wenzake hatarudi mara ya pili, na mi nisingerudi.

"Ofisini tupo zaidi ya sitini na hakuna hata mmoja mwenye ulemavu. Kuna sheria inasemaje?" (Kinondoni)

Ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kwa watu sitini hiyo ni wawili hivi. Na Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, jinsia, ujauzito, VVU, umri, dini, kabila na mengine. Peleka swali kwenye baraza la wafanyakazi kwa maandishi ili lijibiwe kwa maandishi. Ila usiishie kuhesabu vichwa. Angalieni hao watakaoajiriwa watakuta nini, choo mlango wake unapitisha kiti? Asiyeona atawekewa programu ya kusoma skrini au atakalishwa mapokezi siku nzima bila kazi? Na msisahau aliyepata ulemavu akiwa kazini tayari, huyo ndo anasukumwa kimyakimya mpaka aombe kuacha mwenyewe. Chama kinatakiwa kisimame pale mapema.

"Mdogo wangu yuko Uingereza kazi ya kulea wazee, anasema chama chao UNISON kina vikundi vya wanawake, weusi, wenye ulemavu. Si kugawanya watu huko?" (Mtumishi, Kigamboni)

Sioni hivyo. UNISON ilizaliwa 1993 kwa kuunganisha vyama vitatu vya watumishi wa umma, na waliweka mapema kwamba makundi yanayosahaulika yawe na vikao vyao ndani ya chama, kisha yapeleke hoja kwenye mkutano mkuu, na kwenye uongozi wa juu kuna viti vya wanawake, vingine vimetengwa kwa wanawake wa kipato cha chini. Hapo ndo pa kuiga, yule mfagiaji wodi anapata kiti, sio meneja tu. Mtu akipata mahali pa kusemea shida yake haondoki kwenye chama, anaondoka asiposikika.

"Dada wa usafi ofisini kwetu yuko chini ya kampuni, mjamzito, anaogopa kufukuzwa. Chama chetu kinamhusu?" (Muuguzi, Temeke)

Anatuhusu kama binadamu tunayefanya naye kazi, hata kama kadi yake haitakuwa ya kwetu. Mwambie likizo ya uzazi ni siku 84 na mapacha 100, yenye malipo, na akirudi ana hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Kumfukuza kwa sababu ya ujauzito ni kosa, akifukuzwa aende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, asisubiri. (Nyie watumishi wa umma njia yenu inaanzia Tume ya Utumishi wa Umma, msichanganye.) Ana haki ya kujiunga na chama kinachopokea wa sekta binafsi, msindikize siku ya kwanza, peke yake ataogopa. Na atunze nakala ya mkataba nyumbani.

"Mi sio mwanachama wala mtumishi, naweza kuja siku yenu ya kuchangia damu?" (Kijana wa bodaboda, Tandika)

Njoo mdogo wangu, na kijiwe kizima. Uwe na miaka 18 na kuendelea, uzito usipungue kilo 50, uwe umekula na kunywa maji ya kutosha. Wanaume ni kila baada ya miezi 3, wanawake miezi 4. Nyie ndo mnaowafikisha majeruhi hospitali usiku, mnajua damu inavyotafutwa. Ukishatoa pumzika kwanza, kunywa soda yako, usirukie pikipiki hapohapo.