Mkuu, lifungue hilo tela kwanza

Mkuu, safari ya Ijumaa ahirisha. Nimesoma uzi wako mara mbili, nikawa kama najitazama mwenyewe mwaka juzi: pikapu ya Ford Ranger dabo kebini iliyotumika, tela la kuchomelewa na fundi wa mtaani, magunia kumi na tano ya viazi kutoka Njombe hadi Dar, familia ndani, halafu swali la "nikishawasha ile hali ya kuvuta mzigo kwenye skrini, si inatosha?" Haitoshi. Hayo mengine uliyouliza, lugha ya dashibodi, ile alamu inayopiga kelele ukirudi nyuma, watoto wakae wapi, tutayafikia. Nianze na tela maana ndilo lililonila.

Siku nanunua gari, dalali aliyenipeleka yadi aliniambia sentensi moja tu: "Bosi, hii inavuta tani tatu na nusu." Na kitabu cha gari kweli kimeandika kilo 3,500. Alichokikalia kimya ni kwamba hizo 3,500 ni za tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki mwisho wake kilo 750. Si mzigo peke yake, mkuu. Tela na mzigo, vyote pamoja, 750. Tela langu likiwa tupu lilikuwa na kilo 480, maana fundi alilijaza vyuma kama geti la benki. Toa hapo, zinabaki 270. Hayo ni magunia mawili ya viazi na jogoo wa zawadi, tena magunia ya kilo mia, siyo hizo lumbesa za Njombe ambazo ukimuuliza mkulima uzito anakujibu "gunia ni gunia".

Mimi sikuwa na viazi. Nilikuwa na mbao za paini kutoka Mafinga, mbili kwa nne za futi kumi na mbili, vipande 120, mbichi zinatoa maji. Muuzaji akasema mbao ni kitu chepesi. Zikikauka, ndiyo, ni nyepesi. Mbichi unanunua ubao na ndoo ya maji ndani yake. Baada ya yaliyonikuta nilichukua kimoja nikakipima kwenye mizani ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, watu wananishangaa: kilo kumi na tano na ushee. Zidisha mwenyewe. Kilo 1,800 na kitu za mbao, 480 za tela, nilikuwa navuta tani mbili na kilo mia tatu hivi. Hesabu bado inanitia kichefuchefu. Ni mara tatu ya kile nilichoruhusiwa.

Na hapa ndipo mtego ulipo, soma polepole. Kwenye kibati cha mlangoni kuna uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja. Changu kilisoma 6,350. Gari, watu watano na mabegi, tuseme 2,750. Ongeza tela, unapata kama 5,050. Imepita! Kwa karatasi nilikuwa salama, na dalali alikuwa mkweli. Ila breki za pikapu zimetengenezwa kusimamisha pikapu na mzigo wake, kitu cha kilo elfu tatu na ushee. Mimi nilizipa elfu tano, halafu nikazipeleka kwenye mteremko wa Kitonga.

Unakuja kutoka Iringa, umepita Ilula, mteremko unaanza. Nilikuwa nimewasha hiyo hali ya kuvuta, ile yenye kapicha ka tela, na nikuambie ukweli, gari ilifanya kazi yake. Ikashuka gia yenyewe, mshale ukapanda hadi mizunguko elfu tatu na kitu, injini ikanguruma. Hiyo ndiyo kazi ya hiyo hali: inachelewa kupandisha gia, na kwenye mteremko inashusha gia ili injini ishike gari badala ya breki. Haijui tela lako lina kilo ngapi. Haiongezi breki hata moja kwenye matairi ya tela. Lakini ilikuwa inanisaidia, na mimi nikaizima.

Ndiyo, niliizima. Msinicheke. Shemeji alikuwa amekaa mbele, akasema, "Shem, injini inalia hivyo unaiua, na mafuta yanateketea." Mtu mwenye bodaboda ananifundisha dizeli, na mimi nikamsikiliza! Gia ikiwa imeshika na mguu umetoka kwenye mafuta, injini hainywi dizeli hata ya kujaza kikombe cha kahawa. Mngurumo ule ndio uliokuwa unatulinda. Nikarudisha hali ya kawaida, kimya kikarudi, tukaongeza muziki. Skrini ilikuwa inaonyesha jina la wimbo.

Kona ya kwanza breki zikashika. Ya pili zikashika. Kuanzia hapo nikawa sikanyagi na kuachia, nimekanyaga moja kwa moja. Harufu ikaingia, kama mpini wa sufuria ulioungua. Mama watoto akauliza nini kinaungua, nikamwambia ni lile lori. Lori lenyewe lilikuwa linapanda. Halafu pedeli ikalainika ghafla kama nimekanyaga andazi. Ikaenda chini, gari haisikii.

Baadaye fundi wa maana alinieleza kilichotokea. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu kadiri siku zinavyokwenda. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230, yakishafyonza maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Diski zikipata moto yale mafuta yanatoa mapovu, na povu linabonyea, halisukumi pedi. Yangu sikuwa nimewahi kuyabadilisha tangu ninunue gari. Nilikuwa nimebadilisha kava za viti, zile za ngozi ya bandia.

Basi tela likaanza kunisukuma. Mbao nilikuwa nimezipanga zimezidi nyuma ya tairi, kwa hiyo pua ya tela, pale inapoegemea gari, ilikuwa nyepesi, na tela lenye pua nyepesi linatikisa mkia. Likaupeleka mkia kulia, likaurudisha kushoto, na pikapu inafuata kama mbuzi anavutwa kamba. Nikashusha gia kwa mkono ikashika kidogo, kisha nikailaza gari kwenye ukuta wa mlima, ubavu mzima, mpaka ikasimama na tairi moja mtaroni. Mbao zimetapakaa barabarani, madereva wa malori wakashuka kutusaidia kuziondoa, na nyani wamekaa kwenye kingo wanatuangalia kama kamati ya harusi.

Hakufa mtu. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amepakatwa na mama yake kiti cha nyuma, akagonga paji kwenye mgongo wa kiti cha mbele, akatoka na nundu kama embe dodo changa. Kiti chake cha mtoto kilikuwepo. Kilikuwa nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, kwa sababu ndani "kilikuwa kinabana". Kwa hiyo hapo kwenye swali lako la wale watoto wawili wakubwa kukaa bodi juu ya magunia kwa kuwa ndani mko sita: hapana. Kiti cha nyuma kina mikanda mitatu, watu watatu. Wa sita apande basi na mama yake, nauli ya Njombe haijawahi kumfilisi mtu. Na mtoto mdogo anayeangalia nyuma usimweke kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Gharama: diski na pedi za mbele, ubavu wote wa kushoto, kioo, gari la kukokota hadi Iringa, tela likauzwa chuma chakavu. Milioni sita na laki nne. Bima wakanijibu kwa barua fupi kuliko meseji ya kuachana kwamba tela halikuwemo kwenye mkataba. Dalali nikampigia, akasema, "Lakini bosi, si ilivuta?" Ilivuta! Kuvuta hakujawahi kuwa tatizo! Miinuko yote ya Mafinga ilivuta kama inakwenda sokoni. Hawa watu wanakuuzia namba ya kuvuta, namba ya kusimama hawaisemi, kwa sababu siku ya kujaribu gari yadini hakuna mteremko. Na fundi wa tela, nilipomuuliza kwa nini hakuweka breki, akashangaa kweli kabisa: "Breki za nini, gari si inazo?"

Sasa wewe. Magunia kumi na tano, hata yakiwa ya kilo mia safi, ni 1,500 kabla ya chuma cha tela. Yakiwa lumbesa, unajua mwenyewe. Huko ni mbali sana na 750, kwa hiyo ama tela liwe na breki ama ukodi fuso, na kwa bei ya fuso kurudi Dar usingeandika hata huu uzi.

Breki za tela ziko za aina mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza ni ya kusukumwa: kichwa cha tela kinachokaa kwenye kile kipira cha chuma nyuma ya gari kinaingia ndani na kutoka, kina mpira wa mikunjo kama kinanda cha zamani. Gari ikipunguza mwendo tela linakuja mbele, kichwa kinaingia, kinavuta fito na waya hadi kwenye breki za tairi. Haihitaji umeme wala skrini. Ya pili ni ya umeme, ina sumaku ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la breki nyuma ya tairi, na kidhibiti karibu na usukani, na hiyo ndiyo unaweza kuiongezea au kuipunguzia nguvu. Hata ukiwa nayo, pima pua: mzigo unaoegemea kipira uwe kama asilimia kumi ya uzito wa tela. Panga magunia mazito mbele kidogo ya tairi, usiyarundike mwisho. Na kabla ya Kitonga shusha gia ukiwa juu, gari ikiwa taratibu, usisubiri kona. Injini ikilia, iache ilie. Shemeji akilalamika, mteremshe.

Nilisema nitafikia mengine, ila naona nimeshaandika gazeti na chakula kimepoa.

Fanya hivi leo kabla giza halijaingia. Lala chini nyuma ya tairi la hilo tela, washa tochi ya simu. Ukiona ekseli tupu na haabu, yaani kitovu cha tairi, hakuna dramu, hakuna waya wala fito inayokwenda mbele, ujue huna breki, hata fundi aape kwa jina la mama yake. Kisha sukuma kichwa cha tela kwa mguu uone kama kinaingia. Piga picha zote mbili, weka hapa. Mpaka niione hiyo picha, usiniulize habari ya skrini.