Simu moja, watu wanne: majibu kwa vikundi vya filamu vya kusini

Kikundi chetu cha filamu hapa Mtwara kina watu tisa, na hakuna anayelipwa. Yumo dereva wa bodaboda, fundi cherehani, walimu wawili, muuza samaki na wengine wa kila aina. Tunakutana Jumamosi jioni, tunashuti vitu vifupi, tunatazama pamoja, tunabishana. Tangu nitaje habari hiyo kwenye safu hii, wasomaji wamekuwa wakiuliza. Haya ni maswali saba.

Dada, tupo vijana wanne Masasi, tuna simu moja nzuri. Tuanze kikundi sasa au tuchange kwanza tununue kamera?

Anzeni Jumamosi hii. Wapiga filamu wa ridhaa wamezoea vifaa vidogo tangu zamani. Mwaka 1923 Kodak ya Marekani ilitoa mkanda wa filamu wenye upana wa milimita 16, na Pathé ya Ufaransa ilikuwa na wa milimita 9.5, ndipo mtu wa kawaida akaweza kumiliki kamera yake. Mwaka 1926 wapenzi wa kazi hiyo walishaunda ligi yao New York, na mwaka 1937 vyama vya nchi mbalimbali vikaunda umoja uitwao UNICA, ambao upo mpaka leo. Mkanda mmoja wa wakati ule uliisha kwa dakika nne hivi, na ulikuwa ghali, kwa hiyo mtu aliwaza kabla hajabonyeza. Simu yenu haiwabani hivyo, basi jibaneni wenyewe.

Zoezi la kwanza liwe filamu ya dakika moja, klipu zisizozidi kumi, zipigwe kwa mpangilio ule ule zitakavyoonekana, bila kuediti. Ukikosea klipu ya tatu, imebaki hivyo. Mmoja aongoze, mmoja ashike simu, mmoja asikilize sauti, mmoja awe mbele. Wiki inayofuata mbadilishane. Baada ya mwezi mtajua nani ana jicho na nani ana sikio, na mara nyingi siye mliyemdhania. Na kabla ya kila klipu, futeni lenzi kwa kitambaa kikavu. Nusu ya picha zenye ukungu ninazotumiwa ni mafuta ya vidole tu.

Mkishuti ndani kwenye taa za umeme, wekeni fremu 25 kwa sekunde kama simu inaruhusu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mkitumia 30 taa nyingine zitaonekana zinapepesa.

Tulimshuti mzee wetu pale ufukweni Lindi akisimulia safari za majahazi. Picha nzuri sana, lakini upepo umekula maneno. Kuna programu ya kuyarudisha?

Programu zipo za kupunguza ngurumo ya upepo, zijaribuni. Lakini neno ambalo halikuingia kwenye maiki halirudi, na poleni sana, maana najua uchungu wake.

Lilinipata Mikindani, mwezi wa nane, kusi ikiwa imechachamaa. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anabangua korosho. Alishazichoma kwenye bati lililotobolewa, maganda yamekuwa meusi. Vidole alivipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimbabue. Anaweka korosho juu ya jiwe, anaigonga mara moja kwa kigongo, si kwa nguvu, ganda linapasuka kwa urefu na korosho inatoka nzima. Huku akinisimulia mwaka wake wa kwanza wa ndoa, jinsi walivyohama na mzigo wa mbegu kichwani. Nilikuwa nimesogea mpaka nikaona masizi ndani ya mistari ya viganja vyake. Nilipofika nyumbani nikasikiliza: vuuum, mwanzo hadi mwisho. Nilirudi kesho yake nikamwomba anisimulie tena. Alisimulia, ila sehemu ya mbegu aliipita kwa sentensi moja, kwa sababu kwake alikuwa ameshanieleza. Ile ya kwanza sitaipata tena.

Tangu siku hiyo kikundi chetu kina sheria: hakuna kushuti mazungumzo kwa simu moja. Simu ya pili, hata ya bei ndogo, inawekwa mfukoni mwa shati la msemaji au inabanwa ndani ya fundo la kanga, inarekodi sauti peke yake. Kabla hajaanza kusema mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuediti unalinganisha mlio wa kofi kwenye sauti zote mbili, zinakaa pamoja. Kipande cha sponji la godoro juu ya maiki kinasaidia kuliko mnavyofikiri. Msemaji akae upande wa nyumba usio na upepo, na kama inawezekana mwende asubuhi mapema, pwani yetu huwa tulivu zaidi. Mkimaliza, kaeni kimya wote mrekodi dakika moja ya sauti ya mahali penyewe, mawimbi, kuku, watoto wa mbali. Mtaihitaji kuziba nafasi baina ya maneno.

Bibi yangu ni kungwi hapa Newala. Kikundi chetu kinataka kushuti unyago. Inafaa?

Ndani, hapana. Hata bibi akikubali kwa kukupenda wewe mjukuu wake, mafunzo yale si yake peke yake, na mwali hana nafasi ya kukataa kamera mbele ya wakubwa zake.

Nje kuna mengi. Siku ya kumtoa mwali, ngoma iko hadharani, sindimba inachezwa mbele ya kijiji kizima. Hapo ombeni ruhusa kwa wazee na kwa wazazi wa kila mtoto ambaye sura yake itaonekana. Kwa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, msimfuate mchezaji anakovalia. Kutojulikana aliye ndani ya kinyago ndiyo ngoma yenyewe, na ukilionyesha hilo umeivunja. Mkishaediti, mpelekeeni bibi atazame kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema toa hapa, toeni, msijadiliane naye.

Mimi ningemshuti bibi mwenyewe. Mikono yake, anavyotengeneza ushanga, anavyowaita wajukuu. Hiyo filamu hakuna anayeweza kuitengeneza isipokuwa wewe.

Sisi wa Nachingwea, waigizaji wetu wanasema Kimwera vizuri kuliko Kiswahili. Tushuti kwa lugha gani?

Kimwera. Mtu akiigiza kwa lugha aliyokulia, uso wake unatulia. Wekeni Kiswahili kwa maandishi chini ya picha, mistari isizidi miwili, na yakae muda wa kutosha. Sisi tunampa mtoto wa darasa la nne asome kwa sauti: asipomaliza kabla hayajaondoka, tunapunguza maneno.

Je, kikundi kidogo cha mtaani nacho kinahitaji kibali? Tupo Kilwa Kivinje, tunafikiria magofu ya Kisiwani na droni ya kuazima.

Msidhani kwamba udogo unawatoa kwenye sheria. Ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na msimamizi ni Bodi ya Filamu Tanzania. Nendeni kwa afisa utamaduni wa wilaya na skripti yenu, hata kama ni kurasa mbili, kabla ya kushuti na kabla ya kuonyesha hadharani. Atawaambia kinachowahusu. Magofu ya Kilwa Kisiwani yapo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi, na mtu asipande juu ya kuta kutafuta angle nzuri. Droni iacheni mpaka mwenye nayo awe na vibali vya kuirusha. Na muziki: msibandike wimbo wa msanii bila idhini yake. Wapiga ngoma mnao jirani, warekodini, waandikeni majina yao mwishoni.

Mimi ni mwalimu hapa Lindi. Tulianza watu 20, sasa wanakuja watano. Tunakosea wapi?

Nikuulize, mwalimu: mmewahi kumaliza filamu ngapi, na nani ameziona? Vikundi vingi ninavyovijua vinakufa kwa mikutano. Wiki sita za kujadili skripti ya saa moja na nusu, kisha mhusika mkuu anakwenda msimu wa korosho. Fupisheni. Dakika tatu, imalizwe ndani ya mwezi, ionyeshwe.

Kuonyesha si lazima ukumbi. Ongeeni na mwenye kibanda umiza awape jioni ambayo hakuna mpira. Au fungeni shuka jeupe ukutani, mkodi projekta. Baada ya filamu, watazamaji waseme kwanza walichokielewa, na mwongozaji akae kimya. Akianza kueleza alichokusudia, hamtajua kama picha ilisema. Sisi tulipoonyesha ile ya mama mkubwa, na sauti ya mara ya pili, barazani palijaa majirani. Wiki iliyofuata walikuja watu watatu kuomba kujiunga.

Barua ya mwisho ni fupi. Mzee wa Mikindani, mwenye miaka 67, ameandika: *Mwanangu, utotoni nilikuwa naikimbilia gari ya sinema ilipokuja kijijini. Na mimi napokelewa, au ni mambo ya vijana?*

Shikamoo, baba. Karibu Jumamosi, saa kumi na nusu. Tunaomba utueleze usiku ule, watu walivyokaa, shuka lilifungwa wapi, mlicheka nini. Simu moja itakuwa kwenye stendi, ya pili mfukoni mwa shati lako.