Usigawe diski zako, mkuu. Soma kwanza yaliyonikuta

Weka hilo sanduku chini.

Nimeona umeuliza mambo manne: tamthilia mpya ipi uanze nayo, muda wa filamu na vitabu upangwe vipi, ulipie huduma ipi, na wapi utasikia muziki mpya kabla haujachuja. Wenzangu watakujibu vizuri tu. Mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho, ule ulioutupia kama vile si kitu: wikiendi hii unagawa DVD na CD zako zote kwa sababu siku hizi "kila kitu kipo mtandaoni". Maneno hayo niliyasema mimi, kwa majivuno hayohayo, na hadi leo nikiyakumbuka nashikwa na aibu ya peke yangu.

Nilikuwa na mkusanyiko. Si wa kupeleka makumbusho, ila ulikuwa wangu. Filamu zenye ile sauti ya pili ambamo mwongozaji anakusimulia kila onyesho lilivyopigwa. Tamthilia kamili, msimu kwa msimu. Albamu zenye vijitabu vya mashairi na majina ya kila aliyepiga besi na kila aliyeitikia. Ndiko nilikojifunza kwamba prodyuza niliyempenda kwenye albamu moja ndiye aliyekuwa nyuma ya nyingine tatu nilizozipenda bila kujua.

Akatokea mchambuzi mmoja wa filamu, mwenye taa za rangi nyuma yake na maikrofoni kubwa kuliko hoja zake. Nilikuwa simkosi. Akatangaza kwamba diski ni takataka za plastiki, mjanja ananunua kidijitali, filamu inakaa kwenye akaunti yako milele na unaitazama popote. Chini ya video akaweka kiungo cha duka. Kumbe duka lenyewe lilikuwa linamlipa. Mimi nikadhani ni ukarimu.

Nikagawa. Hata kuuza sikuuza, nilijiona nawafanyia hisani watu waliobaki nyuma. Kisha nikaanza kununua upya filamu zilezile, moja moja, kwenye duka lile. Yaani nilitoa pesa kupata kitu ambacho jana yake kilikuwa kabatini kwangu. Kama unataka kucheka, cheka sasa.

Kwa muda mambo yalikuwa matamu, siwezi kukataa. Hakuna vumbi, hakuna diski yenye mikwaruzo. Halafu jioni moja nikataka kumwonyesha mdogo wangu filamu niliyoipenda tangu utotoni, nimemsifia wee, taa zimezimwa, kila mtu kakaa. Nafungua, rafu tupu. Intaneti ipo, akaunti ipo, jina langu lipo pale juu na hata picha yangu inatabasamu kama zuzu. Filamu hakuna hata moja. Duka lilikuwa limefunga kitengo chake cha video. Barua pepe ya kuniaga ilikuwa imelala kwenye kapu la matangazo, ikinipa tarehe ya mwisho ambayo ilishapita.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa hasira zote za dunia. Jibu likaja na salamu za upole kupita kiasi: mpendwa mteja, hukununua filamu, ulinunua leseni ya kuitazama, na leseni hiyo inakoma pale makubaliano ya duka na wenye haki yanapokoma, kwa mujibu wa vigezo na masharti uliyoyakubali. Nikaenda kuyasoma kwa mara ya kwanza. Kweli, imo. Imo kwenye aya ambayo hata mwanasheria aliyeiandika nina hakika alisinzia njiani. Nikamtafuta niliyempa lile sanduku, nikajikomba, nikaomba angalau ile filamu moja. Akaniambia naye alishagawa zote. Alimsikiliza mchambuzi yuleyule.

Na mchambuzi? Baadaye akaja na video ya "kwa nini nimerudi kwenye diski". Nyuma yake rafu imejaa Blu-ray hadi darini. Neno samahani halikutoka. Kiungo chini kipo, safari hii cha duka la diski. Watu wa namna hii hawapati hasara hata siku moja, wanakula kamisheni mkienda na wanakula kamisheni mkirudi.

Usidhani ni gundu langu tu. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja, vile vifaa vyake vya kusomea vitabu, ikafuta vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo Nineteen Eighty-Four, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Pesa zilirudishwa, bosi wake wa wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani, ila fikiria kidogo: kitabu kuhusu serikali inayofuta kumbukumbu, nacho kinafutwa usiku ukiwa umelala. Mwaka 2019 Microsoft ikafunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vikatoweka hata kwa waliovilipia. Walirudishiwa pesa, na aliyekuwa ameandika maelezo yake pembeni mwa kurasa akaongezewa dola 25. Fikra zako zote juu ya kitabu, bei ya jumla. Mwaka huohuo, Julai 31, UltraViolet nayo ikafungwa, lile kabati la kidijitali lililoungwa mkono na studio nyingi kubwa za Hollywood. Halafu mwaka 2024 Funimation, huduma ya anime (katuni za Kijapani), ilipofungwa na wateja kuelekezwa huduma nyingine, Crunchyroll, nakala za kidijitali zilizokuja pamoja na diski hazikuhamishwa. Nani alilala usingizi? Aliyebaki na diski yenyewe.

Usijifariji kwamba kazi za huduma yenyewe haziondoki. Disney+ ilianza kuonyesha tamthilia ya Willow Novemba 2022, na Mei 2023 ikaiondoa, yake yenyewe, katika kubana matumizi. California imetunga sheria iliyoanza Januari 1, 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali asimwambie mteja kwamba ananunua bila kumweleza wazi kuwa anapewa leseni tu. Ukiona hadi sheria imetungwa, jua tuliolia tulikuwa wengi.

Sasa kanuni yangu, na ni hii moja tu: chochote unachokipenda kiasi cha kukirudia, uwe na nakala inayocheza kwenye kifaa ambacho hakijawahi kuliona neno lako la siri, intaneti ikiwa imezimwa. Isipocheza hapo, umekodi. Na usije ukaniambia "mimi hupakua kwenye simu". Kile unachopakua ndani ya programu ya huduma kimefungwa na usajili wako. Spotify kwa mfano inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua zinagoma. Sasa hapo una nini mkononi?

Kwenye muziki una nafuu. Tangu 2009 nyimbo zinazouzwa kwenye duka la iTunes hazina kufuli la kidijitali la kukuzuia kuzinakili, na duka la Bandcamp linakupa faili kamili ukaliweke unapotaka. Ukilipata, nakili sehemu mbili, moja iwe diski ya nje isiyokaa karibu na kompyuta. Wasanii wenyewe walioutegemea mtandao wa MySpace waliambiwa Machi 2019 kwamba nyimbo walizopakia hapo kati ya 2003 na 2015 zimepotea seva zikihamishwa. Basi. Kwaheri. Vitabu vimekuwa vigumu zaidi, maana Februari 2025 Amazon iliondoa ule uwezo wa kushusha vitabu vya Kindle kwenye kompyuta, kwa hiyo kile unachokipenda kweli nunua cha karatasi. Filamu ndizo zenye kufuli kali kuliko vyote, ndiyo maana nakupigia kelele za DVD.

Diski nazo si malaika. Zisimamishe wima, mbali na jua na unyevu, na angalia namba au herufi ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa, nyuma ya kava kabla ya kununua, kwa sababu DVD au Blu-ray ya kanda nyingine inaweza kukataa kwenye mashine yako. Blu-ray za 4K kwa kawaida hazina kikwazo hicho. Na tafadhali, mashine ya kuchezea usiitupe! Kuna mtu nitakayemsitiri jina aliyelinda diski zake zote halafu akagawa mashine. Kama nafasi ndiyo inayokusumbua, tupa makava ya plastiki, diski na vijitabu vyake vitoshe kwenye albamu ya mifuko.

Simaanishi usilipie huduma yoyote. Lipia, onja kila kitu, hiyo ndiyo kazi yake. Ipi? Yoyote yenye unachotaka mwezi huu, mwezi ujao ihame bila huruma, maana nayo haitakuonea huruma.

Muziki mpya: soma majina ya maprodyuza kwenye CD unayoipenda, fuata kazi zao nyingine. Kupanga muda sina ushauri, vitabu nilivyoanza na sijamaliza vinanitazama hapa. Na tamthilia ya kuanza nayo, chagua yoyote ambayo hadithi yake imeshafungwa, angalia vipindi viwili vitatu, na kabla hujafika msimu wa pili uliza kama imetoka kwenye diski.