Maswali ya Wasomaji: Mji Usiotajwa katika Torati

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa katekisimu katika mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nimesikia kwamba Wayahudi husoma kipande cha Torati kila Sabato, na kwamba hata sinagogi la mjini kwetu lilifuata desturi hiyo. Nimevisoma vitabu vyote vitano vya Musa nikiutafuta Yerusalemu, lakini sikuuona kwa jina. Imekuwaje basi mji huo uwe mtakatifu kwao kuliko mingine yote? Tena, Yerusalemu ya mbinguni tunayoiimba kanisani, je, nao wanayo?
Mama Mwalimu, Katuba

JIBU: Mama Mwalimu, ulichosikia ni kweli. Torati imegawanywa katika sehemu 54, na kila Sabato asubuhi husomwa sehemu moja, au mbili kwa pamoja mwaka unapokuwa mfupi, kutoka katika gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono. Mzunguko humalizika baada ya Sikukuu ya Vibanda, na siku hiyohiyo huanza tena na kuumbwa kwa ulimwengu. Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes na kukaa hapa mji ulipoitwa Elisabethville walisoma sehemu zilezile, wiki zilezile, kama ndugu zao walioko kwingineko duniani.

Swali lako kuhusu jina ndilo lenye uzito, nalo liliwashughulisha marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, tangu zamani. Katika Mwanzo 14 yupo Melkizedeki, mfalme wa Salemu, mji ambao kwa desturi huaminiwa kuwa ndio Yerusalemu; katika Mwanzo 22 Ibrahimu anatumwa nchi ya Moria, na ni kitabu cha Mambo ya Nyakati kinachotuambia baadaye kwamba Sulemani alijenga Hekalu juu ya mlima Moria. Ila jina Yerusalemu lenyewe, kama ulivyoona, halimo. Sehemu inayoanzia Kumbukumbu la Torati 11:26, ambayo husomwa karibu na mwezi wa Agosti, inataja zaidi ya mara 10 mahali ambapo Bwana atapachagua, bila kupataja hata mara moja.

Maimonides, mwanafalsafa na tabibu wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alitoa sababu tatu za ukimya huo. Mataifa yangepajua mahali hapo, yangepapigania kwa nguvu zaidi. Na waliopamiliki wakati huo wangepaharibu kwa makusudi. Sababu ya tatu ndiyo aliyoiona nzito kuliko zote: kila kabila la Israeli lingetaka mahali hapo pawe katika urithi wake, na ugomvi ungezuka kati ya ndugu. Sisi tunaoishi Katanga hatuhitaji kufafanuliwa sana jinsi kabila na ardhi vinavyoweza kuwakosanisha majirani.

Hata hivyo, mimi navutwa zaidi na ufafanuzi wa kale wa marabi juu ya Kumbukumbu la Torati 12:5, mstari unaowaamuru watu wapatafute mahali hapo. Wanasema kwamba haifai mtu kukaa akimngoja nabii aje kumwonyesha. Atafute kwanza, aone, kisha nabii atathibitisha. Ndivyo alivyofanya Daudi, ambaye katika Zaburi 132 anaapa kutoyapa macho yake usingizi mpaka ampatie Bwana mahali. Uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi alipewa bure, lakini alikataa, akaununua pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha. Kwa fikira hiyo utakatifu wa mji haukuanza na jina kuandikwa, ulianza na watu waliohangaika kuutafuta, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, kuangushwa kwa Hekalu na Warumi mwaka 70 hakukuuondoa mji huo katika ibada yao. Sehemu ile ya Kumbukumbu la Torati niliyoitaja juu huangukia daima ndani ya Sabato 7 za faraja, zinazofuata mfungo wa kuomboleza Hekalu, ambapo masomo ya manabii hutoka katika Isaya, kuanzia sura ya 40.

Kuhusu Yerusalemu ya mbinguni: ndiyo, wanayo, ila mpangilio wake huenda ukakushangaza. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inamnukuu Rabi Yohanan akisema kwamba Mungu hataingia Yerusalemu ya juu mpaka aingie Yerusalemu ya chini. Wengi wetu tumezoea kuusahau mji wa mawe tukiutazamia ule wa mbinguni. Kwake yeye, wa mbinguni ndio unaousubiri huu wa duniani, wenye malango, masoko na watu wanaogombana. Kwa hiyo sala ya siku za kazi, inayosaliwa mara 3 kwa siku, huomba Yerusalemu ujengwe, na ombi hilohilo hurudiwa katika baraka baada ya kula mkate.