Kabla hujalimwagilia waridi la jangwani, libonyeze kwanza

Waridi langu la kwanza nililiua mwenyewe, na kazi hiyo ilinichukua wiki tatu. Nililinunua kando ya barabara mwaka niliohamia Dodoma kikazi. Lilikuwa na maua saba, katikati meupe, ukingoni yamekoza rangi kama mtu aliyepaka lipstiki kwa haraka. Muuzaji akaniambia, "Dada, hili halina shida kabisa. We mwagia kila siku, litakuchanulia mwaka mzima."

Nikamwagia. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukiamka unafagia uwanja, unamwagilia maua, ndipo unabandika chai. Wiki ya pili majani yakaanza kugeuka njano, nikasema kiu hii, nikaongeza kopo la jioni. Wiki ya tatu nikalishika shina ili nigeuze poti, na kidole gumba kikazama ndani kama kwenye embe lililopitiliza. Harufu yake sitaieleza. Nilipopindua lile poti zuri la plastiki, chini hapakuwa na tundu hata moja.

La pili nililifanyia makosa mengine. Matundu nilitoboa, tena mengi, lakini nikajaza udongo mweusi wa mbuga niliouchanganya na samadi ambayo hata haijaiva, eti lishibe. Lilistahimili miezi kadhaa, mvua za Januari zikaja, udongo ukashikana kama ugali uliolala, likaoza kuanzia mizizini. Nikaapa sinunui tena.

La tatu sikulinunua. Dodoma ni mji wa watu wa uhamisho, leo una jirani, kesho lori limeegeshwa getini anapakia makochi. Nyumba ya upande wa pili ilikaa tupu kuanzia Juni. Mama aliyekuwa akiishi pale alipenda maua, aliyaacha barazani mstari mzima. Mawaridi ya kawaida yakakauka, yale majani mapana ya kivulini yakabaki mabua. Oktoba nikiwa napita nikaona kitu chekundu kwenye baraza lile. Ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20, iliyopasuka ubavuni, waridi la jangwani lilikuwa limechanua bila jani hata moja. Miezi minne hakuna aliyelipa maji. Mzee mwenye nyumba nilipomwamkia na kumwomba anipatie, akacheka. "Marahaba. Chukua, mwanangu. Nilijua limekufa, nilikuwa nataka ile ndoo tu."

Ndoo nilimrudishia. Waridi ninalo mpaka leo, na yote ninayoyaandika hapa limenifundisha lile.

Jambo la kwanza ni kuelewa umeleta nini nyumbani. Huu si mmea wa bustani uliofunzwa kuvumilia ukame, ni mmea wa porini kabisa, wa ukanda mkavu unaoanzia Senegal, ukapita Sudani, Ethiopia na Somalia, ukashuka hadi Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari ukaenea Yemen na Omani. Ukipita njia ya Voi wakati wa kiangazi unaweza kuuona katikati ya vichaka vya kijivu, umechanua peke yake. Kwa kitaalamu unaitwa Adenium obesum. Adenium inatokana na Aden, mji wa bandari wa Yemen, na obesum maana yake nene. Aliyeueleza kwa mara ya kwanza kwa wanasayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuipa mimea majina ya kitaalamu, aliyekwenda Uarabuni na msafara wa Wadenmaki akafia Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, yeye hayupo tena. Huwa namkumbuka ninapolitazama lile tumbo la chini, kwamba mtu alisafiri kote kule, akauona mmea huu na akakumbuka unene wake.

Na ni unene huo huo unaotakiwa uujue. Kile kitako, wengine hukiita kiazi, ndilo pipa lake la maji. Wakati wa mvua linajaza, wakati wa kiangazi linachota humo kidogo kidogo, na hali ikizidi kuwa ngumu linaangusha majani yote ili lisipoteze maji hewani. Kwa hiyo majani yakianguka Juni au Julai, upepo wa baridi ukivuma, usikimbilie kopo. Limelala. Ukilimwagia likiwa limelala, maji yanakaa kwenye mizizi isiyoyanywa, na huko ndiko uozo unakoanzia.

Sasa utajuaje kama limelala, lina kiu au linaoza, maana zote tatu zinaonekana kwa majani kuanguka? Libonyeze. Weka kidole gumba kwenye kitako, karibu na udongo, ukandamize. Kikiwa kigumu kama kiazi kibichi, halina shida yoyote, liache. Kikibonyea kidogo kote kwa usawa, kama mpira uliopungua upepo, na ngozi imeanza kukunjana, hapo lina kiu, lipe maji ya kutosha, na baada ya siku chache utalikuta limejaa tena. Kikiwa laini sehemu moja tu, pana unyevunyevu na rangi imegeuka kahawia, huo ni uozo, na dawa ya uozo ni kisu. Sijui kwa nini wauzaji hawamwonyeshi mteja kitu hiki. Ni sekunde mbili tu.

Kwangu hapa Dodoma, kwenye poti la udongo lililo juani kutwa, Septemba hadi Novemba namwagilia kila baada ya siku nne au tano, na nikimwagilia nalowesha hasa mpaka maji yatoke chini. Juni hadi Agosti ni mara moja kwa wiki mbili au tatu, pengine nasahau kabisa na hakuna kinachoharibika. Mvua zikianza siligusi, na zikinyesha mfululizo nalisogeza chini ya upenu. Wewe wa Tanga, Zanzibar au Mombasa usiige ratiba yangu, hewa yenu ina unyevu. Chokonoa udongo kwa kijiti: kikitoka na udongo ulioganda, subiri.

Udongo ni nusu ya kazi. Mimi nachanganya kopo mbili za mchanga wa mtoni ule wa chengachenga (ule laini wa kupigia lipu unashikana, uache), kopo moja ya samadi ya zamani iliyogeuka kama udongo, na kopo moja ya chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia. Pumba za mpunga nazo zinafaa ukizipata. Kipimo changu ni hiki: mwaga maji juu, kisha hesabu. Nikifika kumi na bado yametuama juu, naongeza mchanga. Poti liwe na matundu na liwe pana kuliko refu. Na tafadhali usiliweke kwenye poti kubwa ukidhani unalipa nafasi, maana udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia unakaa na maji bure.

Jua lipate saa sita kwa siku au zaidi. Ndani ya nyumba, juu ya meza ya televisheni, halitakufa haraka, ila litarefuka kama mnazi likitafuta dirisha, na ua hutaliona. Kuhusu mbolea sina mengi. Ile ya kukuzia mahindi iache, itakupa majani mengi na maua ya kutafuta. NPK, ile mbolea ya mchanganyiko wa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya maji, mara moja kwa mwezi wakati wa joto, limelala usilipe kitu.

Kupogoa ndiko watu wanakoogopa, nami niliogopa miaka miwili nzima. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo waridi lenye matawi mawili marefu lina mahali pawili tu pa kuchanulia. Ukikata, tawi moja huchipuza mawili au matatu. Mimi hukata joto linapoanza kurudi, mwishoni mwa Agosti, kwa kisu nilichokipangusa kwa spiriti, na siku hiyo maji hapana, mpaka vidonda vikauke. Mwaka wa kwanza nilipokata niliacha visiki urefu wa kiganja, mume wangu akaniuliza kama nimegombana nalo. Halikuchanua mpaka Novemba. Lilipochanua sikuweza kuhesabu.

Kisu hicho hicho ndicho kinachookoa lililooza. Ling'oe, osha mizizi, kata sehemu laini yote mpaka ufike nyama nyeupe isiyo na doa. Ukiacha hata alama ya kahawia ndogo kama punje ya mtama, umefanya kazi bure. Paka unga wa mkaa, liache kivulini mahali penye hewa wiki nzima hadi mbili, bila udongo, bila maji, ndipo ulipande upya. Inauma roho kuliangalia limelala sakafuni kama mhogo. Niliwahi kuokoa moja la shemeji yangu lililobaki nusu ya kitako, na linaishi, limeegemea upande mmoja.

Wadudu. Vidukari vya njano vinajaa kwenye vichipukizi na vile vidung'ata vyeupe kama pamba vinajificha kwenye maungio. Maji ya sabuni ya kufulia kidogo, kitambaa, na subira. Anayestahili kutajwa peke yake ni kiwavi mmoja. Asubuhi moja nilikuta matawi mawili yamebaki vijiti, na chini ya poti vinyesi vyeusi vikubwa kama pilipili manga. Nilitafuta robo saa nzima nisione kitu, kumbe nilikuwa namtazama. Alikuwa wa kijani kilekile cha jani, mnene kama kidole changu, na karibu na kichwa ana madoa mawili ya buluu kama macho ya mtu aliyeshtuka. Ni mtoto wa nondo mkubwa, na chakula chake ni mimea ya ukoo huu ambayo wanyama wengine wanaikwepa. Dawa sijawahi kupiga. Natoka na tochi saa mbili usiku, namwokota, na kuku wa jirani wanaendelea kutoka hapo.

Nimesema wanaikwepa kwa sababu hili ua ni sumu, na hili lisomwe na kila mwenye watoto. Utomvu wake unashambulia moyo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huuchemsha wakapaka kwenye mishale ya kuwindia. Simaanishi ulitupe, ila ukikata vaa glavu au mfuko wa plastiki, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho wala chakula, na vipande ulivyokata usimtupie mbuzi. Kwangu liko juu ya ukuta tangu binti yangu alipokuwa anatambaa.

Ukitaka kuzalisha, mbegu ni bora kuliko kijiti. Kijiti kinashika, lakini kitako chake kinachelewa kunenepa na mara nyingi hakipati lile umbo. Mbegu hukaa kwenye maganda mawili yaliyoungana kama pembe za mbuzi. Zikaribiapo kukomaa nafunga kila pembe kwa uzi au navisha soksi kuukuu, la sivyo linapasuka mchana wewe uko kazini, na mbegu, ambazo kila moja ina kishungi cha manyoya huku na huku, zinaondoka na upepo. Zilaze juu ya mchanga, zifunike kidogo sana. Zikiwa mpya, hazijakaa sana tangu zivunwe, zinachipua ndani ya wiki. Yale yenye maua ya tabaka tabaka au rangi nyeusi-nyekundu unayoyaona yanauzwa ghali mara nyingi ni ya kubebesha, yaani tawi la waridi moja limepachikwa kwenye shina la jingine, ufundi ambao Thailand na Taiwan wameufikisha mbali. Hayo chunga chipukizi zinazotoka chini ya kiungo, ziondoe, vinginevyo shina la chini litalishinda la juu na utashangaa ua limebadilika rangi.

Unapolihamisha poti, kila baada ya miaka miwili hivi, lipande juu zaidi ya lilivyokuwa, upana wa vidole viwili, mizizi minene ianze kuonekana. Ndiyo inayolipa lile umbo la mzee aliyekaa. Ukishalipanda, kaa siku tano au sita kabla ya maji ya kwanza.

Mwaka jana nilimpelekea mama mche mmoja Tanga, nimeufunga kwenye gazeti ndani ya basi. Juzi kanipigia, sauti ya msiba. "Mwanangu, lile ua lako linapukutika. Nimelipa maji asubuhi, nimelipa jioni, halisikii."

"Shikamoo mama. Hebu libonyeze pale chini. Ni laini?"

Kimya. Nikasikia ndara zake zikienda uwanjani, zikirudi.

"Gumu kama jiwe."

"Basi lisogeze chini ya upenu, na hilo kopo lifiche mbali."

"Sasa asubuhi nifanye nini?"

Nikamwambia abandike chai.