Ukitaka kuandika historia ya mji wenu, anza na majina yake

Tangu jarida moja lichapishe makala yangu kuhusu Victoria, mji mdogo ulio katikati ya kisiwa cha Gozo huko Malta, ujumbe haukatiki. Mmoja umetoka kwa dada wa Mwanza anayetaka kuandika historia ya mtaa wao, hajui aanzie wapi. Dada yangu, nakujibu hapa ili na wenzako wafaidike.

Anza na majina. Mhariri wa kwanza niliyempelekea makala hiyo aliikataa kwa swali moja: Mswahili gani atasoma habari za kakisiwa ka Wazungu? Swali lile linaniuma mpaka leo. Nilifanya kazi Gozo, jikoni hotelini, na kila siku ya mapumziko nilikuwa mjini nikiwahoji wazee. Nilijua nilichokishika.

Ukishuka kivukoni Mġarr, basi limeandikwa Victoria, lakini mzee aliyeketi kando yako anakwenda Rabat. Ni mji uleule. Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya utawala, na Waingereza wakaupa mji jina lake. Aliyeliomba ni Askofu Pietro Pace, mzaliwa wa Gozo! Wenyeji wakaipokea heshima hiyo, wakaendelea kusema Rabat. Wewe wa Mwanza unaishi kando ya ziwa lenye jina la malkia huyohuyo, ila Speke, mvumbuzi Mwingereza, alilibandika mwaka 1858 bila kumwomba mtu ruhusa. Malkia mmoja, visa viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema usikimbilie kuandika "wakoloni walibadili jina" ukaweka nukta. Uliza nani aliomba, nani alikubali, nani alipuuza.

Kisha chimba. Enzi za Warumi mji uliitwa Gaulos, kama kisiwa chenyewe. Rabat ni la Kiarabu, kitongoji cha nje ya ngome, na ngome yenyewe, Ċittadella, ipo bado juu ya kilima. Julai 1551 Sinan Pasha na Dragut, makamanda wa Waturuki wa Dola ya Uthmania, waliizingira, na baada ya siku chache ikaanguka. Watu wapatao 5,000, karibu kisiwa kizima, wakapelekwa Tripoli utumwani. Ndani ya ngome kuna kichochoro chenye jina la Bernardo Dupuo, askari kutoka Sicily. Inasimuliwa kwamba aliwaua mkewe na binti zake wawili ili wasichukuliwe mateka, kisha akapigana mpaka akauawa. Mimi nimekulia Bagamoyo. Sikuhitaji kufafanuliwa uchungu wa watu kupakiwa majahazini, na niliandika sehemu ile usiku kucha. Hofu ya mashambulizi iliendelea kiasi kwamba hadi mwaka 1637 sheria iliwataka wenyeji walale ndani ya ngome.

Yote hayo nimeyapata kwa kufuata majina. Hata barabara kuu, ambayo leo ni ya Jamhuri, zamani ilikuwa Barabara ya Mbio za Farasi, na farasi bado wanakimbizwa pale kwenye sikukuu za Julai na Agosti.

Vijana, mnasubiri nini? Mnataka kuwa waandishi lakini mnaona haya kumsogelea mzee aliyekaa barazani. Ulizeni majina. Mkijibiwa, ulizeni tena kwa mtu mwingine. Na mhariri akikuambia habari zako hazina msomaji, mpelekee mwingine makala ileile bila kupunguza neno. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Wewe dada, kesho nenda kwa mtu aliyeujua mtaa wenu kabla haujawekewa kibao. Muulize uliitwaje, na nani alikuja na jina jipya. Ukipata majibu mawili yanayogongana, yaandike yote mawili pamoja na aliyeyasema, kisha nitumie nisome.